Utepe Unaojiviringa: Msokoto katika Ufumaji wa Kadi

Anayejifunza kufuma kwa kadi hukutana na tatizo hili mapema. Utepe uliolala sawasawa ulipokuwa umekazwa, mara tu unapofunguliwa hujipinda na kuzunguka kama parafujo. Fundi mmoja atamwambia kadi zilipangwa vibaya. Wa pili atamwambia hilo si kosa, ni pambo, na wapo wanaolitafuta makusudi. Wa tatu atasema aoshe, apige pasi, mambo yaishe. Kila jibu lina ukweli wake, na ndiyo maana mkanganyiko hauishi: watatu hao hawazungumzii msokoto mmoja.

Ndani ya utepe mmoja wa kadi mna misokoto mitatu. Upo wa uzi wenyewe, uliowekwa na msokotaji au kiwanda kabla kadi haijaguswa. Upo wa ugwe, unaotokea kadi moja inapozungusha nyuzi zake nne. Na upo wa utepe mzima, ule unaoonekana ukijiviringa mezani. Huu wa tatu hauna chanzo chake peke yake. Unazaliwa na ile miwili, hasa wa ugwe. Anayetaka kuuzuia, au kuutumia, hana budi kuanzia huko.

Kadi inafanya nini hasa

Kadi ya kawaida ni mraba wa sentimita 5 hadi 7 kila upande, yenye matundu manne, moja kila pembe. Zipo za mbao, za mfupa, za ngozi na za boksi gumu. Hata karata za kuchezea hufaa zikikatwa ziwe mraba. Kila tundu hupitishwa uzi mmoja, kwa hiyo kadi 20 zilizopangwa ubavu kwa ubavu hubeba mtande wa nyuzi 80. Kati ya nyuzi nne za kila kadi, mbili huwa juu na mbili chini, na mwanya uliopo katikati ndimo mshindio unamopita. Mfumaji akishaubana, huzungusha kadi zote robo mzunguko. Nyuzi hubadilishana nafasi, mwanya mpya hufunguka, mshindio hurudi.

Hapo kadi inaachana kabisa na kitanda cha mfumi. Kitandani nyuzi za mtande hupanda na kushuka, basi. Kwenye kadi zinazungukana. Baada ya robo nne, nyuzi za kadi moja zimekamilisha msokoto mzima, zimekuwa ugwe wa nyuzi nne. Utepe wa kadi, kwa maneno mengine, ni nyugwe zilizolazwa sambamba na kufungwa pamoja kwa mshindio usioonekana ila kwenye kingo.

Kinachosahauliwa ni kwamba kadi imekaa katikati ya mtande. Inapozisokota nyuzi mbele yake, upande wa mfumaji, inazisokota pia nyuma yake, na huko nyuma msokoto unakwenda kinyume. Mbele, mshindio unakuja kuufunga. Nyuma hakuna wa kuufunga, unarundikana tu. Tuseme kila sentimita ya utepe ina mishindio 4, yaani msokoto mmoja kamili. Utepe wa mita moja utakuwa umeacha misokoto 100 nyuma ya kila kadi. Kwa kadi 20 hiyo ni misokoto 2,000 inayosubiri kufumuliwa. Kwa kawaida kazi hukwama mapema zaidi, kwa sababu nyuzi za nyuma zimebanana kiasi kwamba kadi hazisogei tena.

Anayesokota tamvua za kikoi anaijua tabia hii kwa vidole vyake. Hushika mafungu mawili ya nyuzi, akayasokota yote upande mmoja, kisha akayaweka pamoja na kuyaachia. Yenyewe hujizungushia upande wa pili mpaka yakatulia. Ugwe wa kadi una hamu ileile ya kurudi. Ila umefungwa kwa wenzake kwa mshindio, hauwezi kujifumua peke yake, basi unauvuta utepe wote. Nyugwe zote zikiwa zimesokotwa upande mmoja, mivuto yake hujumlishana na utepe hujiviringa kinyume cha msokoto wa nyugwe hizo. Nusu zikielekea huku na nusu kule, mivuto hukatana na utepe hulala.

Herufi mbili zinazovuruga wengi

Mwelekeo wa msokoto hutajwa kwa herufi S na Z, kufuatana na mshazari wa katikati wa kila herufi. Hadi hapo hakuna ubishi. Ubishi huanza pale herufi hizo zinapohamishiwa kwenye kadi. Uzi unaweza kuingia tunduni kutoka uso wa kushoto wa kadi au uso wa kulia, na kadi inaweza kuzungushwa mbele au nyuma. Kubadili kimojawapo hugeuza msokoto wa ugwe; kubadili vyote viwili huurudisha ulipokuwa. Ndiyo maana kuigeuza kadi, uso wa kulia ukawa wa kushoto, kuna athari ileile kwenye msokoto kama kuizungusha upande mwingine.

Sasa, waandishi wengine huiita kadi S au Z kwa jinsi uzi ulivyoingizwa, na wengine kwa jinsi ugwe utakavyoonekana kwenye utepe ukizungusha mbele. Njia hizo mbili zinaweza kutoa herufi tofauti kwa kadi ileile. Mtu akichukua kielelezo cha mwandishi mmoja na maelekezo ya mwingine, nusu ya kadi zake zitakuwa kinyume na asijue kwa nini. Dawa yake ni nyepesi kuliko mjadala wenyewe: puuza herufi, fuma robo nne, tazama nyuzi zimelala kwa mshazari upi, kisha andika alama ya mshazari huo juu ya kadi yenyewe kwa penseli.

Msimamo wa kwanza: tuliza

Kundi kubwa la wafumaji hushikilia kwamba utepe mzuri ni utepe unaolala. Njia zao ni mbili, na si vibaya kuzitenganisha, maana kila moja inatibu ugonjwa wake.

Ya kwanza ni kupanga kadi kwa kupishana, moja ya S, inayofuata ya Z, hadi mwisho. Hii hutuliza utepe mzima. Uso wake pia hupendeza: nyugwe mbili jirani zinazoelekeana hufanana na mishono ya sweta. Lakini nyuma ya kadi haisaidii chochote, kwa sababu kila kadi bado inarundika msokoto wake.

Ya pili ni kurudisha. Mfumaji huzungusha mbele robo 4, kisha nyuma robo 4, au 8 kwa 8, au idadi yoyote anayopenda mradi hesabu ilingane. Hii humaliza mrundikano wa nyuma, na pambo hupata umbo la pembe au almasi kila anaporudisha, kwa sababu mishazari hugeuka. Gharama yake iko mahali pa kugeukia. Katika mzunguko usiokatika, kila uzi hukaa juu ya mishindio 2 na kuzama. Pale mzunguko unapogeuzwa, uzi mmoja wa kila kadi hubaki juu ya mishindio 3. Ukitazama kwa karibu utauona mstari uliolegea kidogo ukikata utepe upande hadi upande. Kwa mkanda utakaobeba mzigo, mistari hiyo ikiwa mingi ndiyo sehemu zitakazokwaruzwa kwanza.

Historia iko upande wa kundi hili, ingawa si yote. Ufundi wenyewe ni wa kale: mwaka 1904, meli ya mazishi ya Oseberg huko Norwei ilipofukuliwa, ndani yake zilikutwa kadi 52 za mbao zikiwa bado na mtande. Meli hiyo ilizikwa mwaka 834. Tepe za kaburi la Hochdorf, Ujerumani, la karne ya 6 KK, zina maumbo ya kijiometria ambayo hayapatikani bila kuziongoza kadi kwa makundi, hizi mbele, hizi nyuma. Nchini Burma, tepe ndefu za kufungia miswada ya majani ya mtende, ziitwazo sazigyo, zilifumwa kwa kadi zikiwa na maandishi mazima. Maandishi ya namna hiyo hupendelea mbinu za kwenda mbele robo 2 na kurudi 2, na mbinu hizo zina faida ambayo haisemwi vya kutosha: msokoto haurundikani kamwe.

Faida hiyo ndiyo pia iliyowahi kuwachanganya wataalamu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulizuka mjadala kuhusu mshipi wa zama za Farao Ramses III, ambao sasa uko Liverpool: je, ulifumwa kwa kadi? Mwaka 1916 watafiti van Gennep na Jéquier walichapisha kitabu kizima kutetea kwamba Wamisri wa kale walitumia kadi. Baadaye mafundi walionyesha kwamba mfumo wa mshipi huo unaweza kutengenezwa bila kadi hata moja. Ushahidi ulio wazi zaidi wa kadi ni nyuzi zilizozungukana. Zisipozungukana, kitambaa peke yake hakitoshi kuonyesha kilifumwa kwa zana gani.

Kasoro kubwa ya kutuliza iko kwenye uchoraji. Mshazari wa rangi ukienda sambamba na mshazari wa uzi, ukingo wake huwa laini. Ukienda kinyume, ukingo huwa na meno. Anayepishanisha kadi moja S moja Z, basi, anakubali kwamba nusu ya kila mstari wake wa mshazari itakuwa na meno. Anayezigeuza kadi zote zifuate mstari mmoja mrefu atapata ukingo safi, na atapata pia utepe unaojiviringa. Ndiyo sababu mapambo ya V, yenye nusu ya kadi zikielekea kulia na nusu kushoto, yanapendwa na wanaoanza na waliobobea vilevile: ukingo ni laini pande zote mbili, na mivuto inakatana. Si kila pambo linakubali kukunjwa katikati namna hiyo.

Msimamo wa pili: achia

Wapo wanaosema kinyume. Kwao, kurudisha kadi ni kukatisha sauti ya utepe. Hupanga kadi zote upande mmoja, huzungusha mbele bila kukoma, na kuuacha utepe uende unakotaka. Matokeo ni mishazari isiyokatika kuanzia mwanzo hadi mwisho, uso usio na nyuzi zilizolegea, na utepe unaozunguka wenyewe unapotundikwa.

Ili kuzungusha bila kukoma, lazima mrundikano wa nyuma upate njia. Njia ya kale na rahisi ni kufungua fundo la mbali, kuchana nyuzi mpaka zinyooke, na kufunga tena. Kazi hiyo inachosha, na kila mara mkazo wa mtande hubadilika kidogo. Jicho lililozoea huona utepe ukipanuka au kubanika pale pale. Njia nyingine ni kutundika uzito kwenye nyuzi nne za kila kadi, nati kadhaa za bolti au chupa ndogo yenye mchanga, ili fungu lizunguke lenyewe na kujifumua. Wengine hufunga vile viungo vinavyozunguka ambavyo wavuvi huweka kwenye mishipi. Hivi vya wavuvi vinasifiwa kupita kiasi. Mkazo ukiwa mkubwa, vile vya bei nafuu hukwama, na mfumaji hagundui mpaka kadi mbili tatu zikatae kuzunguka na wenzao.

Lakini udhaifu wa msimamo huu hauko kwenye zana. Uko kwenye utepe bapa wenyewe. Utepe bapa unaojiviringa haujashikwa na kitu: unaning'inia vizuri siku ya kwanza, ukishonwa kwenye nguo huvuta nguo, ukibebeshwa mzigo huzunguka pamoja na mzigo, na ukioshwa hubadili kiasi chake cha kuzunguka. Pasi ya mvuke huulaza, lakini haiufuti msokoto wa nyugwe. Unyevu ukirudi, utepe hukumbuka. Yule fundi wa tatu wa mwanzo, wa kuosha na kupiga pasi, anatuliza dalili.

Hata hivyo si haki kuuita msimamo huu wa uvivu. Anayezungusha bila kukoma hujifunza jambo ambalo mwenzake halioni: kadi zikizungushwa tofauti hula mtande tofauti. Uzi uliosokotwa husafiri njia ndefu kuliko ulionyooka. Kadi za kingo zikizunguka daima huku za katikati zikirudi au kupumzika, za kingo humaliza mtande wake haraka, hukaza, na utepe huanza kukunjamana katikati. Wengi hulaumu pamba au mkono. Kosa liko kwenye hesabu ya mizunguko.

Msimamo wa tatu: ufunge uwe neli

Njia ya tatu haipewi nafasi ya kutosha, na kwa maoni yangu ndiyo yenye majaribio ya maana zaidi. Badala ya mshindio kwenda kulia na kurudi kushoto, huingizwa kila mara kutoka upande uleule. Ukishatoka upande wa pili, hupitishwa chini ya utepe na kuanza tena ulikoanzia, kisha huvutwa kwa nguvu. Kingo mbili hukutana, utepe hufumba, na kinachotoka ni kamba ya mviringo ambayo nyugwe zake zimejipanga kuizunguka.

Hapa msokoto unapata kazi. Kadi zote zikiwa upande mmoja, mvuto ambao kwenye utepe bapa ungeuharibu sasa huisokota neli, na mistari ya rangi iliyopangwa kwa urefu huanza kuizunguka. Mshindio unaizunguka pia na kuishika, kwa hiyo mzunguko hauhamihami kama wa utepe bapa. Katika mabaki ya nguo za karne ya 14 yaliyofukuliwa London, kadi zilitumika kwa namna iliyo jirani na hii: utepe mwembamba ulifumwa moja kwa moja juu ya ukingo wa nguo, mshindio ukiwa kwenye sindano inayotoboa kitambaa, ili kuimarisha ukingo wenye vishimo vya vifungo. Waliofanya hivyo walitaka ukingo imara usiofumuka.

Anayetaka mzunguko wa rangi ulio wazi asitegemee mvuto peke yake. Aweke uzi mmoja mweusi kwenye kila kadi, na kila kadi ianze robo moja mbele ya jirani yake. Mshazari utatokea, na neli ikifumba utazunguka bila kikomo. Shida iko kwenye maungio. Pambo la hatua hizo hujirudia kila baada ya kadi 4, kwa hiyo kadi 8 au 12 ni kianzio kizuri. Lakini mshindio wa neli hupanda hatua moja kila unapokamilisha duara, na hatua hiyo huweza kuonekana kama mkato mdogo pale kingo zinapokutana. Mkato ukisumbua, ongeza au punguza kadi moja kisha utazame tena. Kadi moja tu hubadilisha kila kitu, jambo ambalo kielelezo kilichochorwa bapa kwenye karatasi au kwenye programu ya kompyuta hakionyeshi.

Neli nayo ina bei yake. Ni nene, haipiti kwenye bizimu, haifai kushonewa juu ya kanzu au gauni. Ikivutwa kwa mkono usio na usawa hufunguka mgongoni, na mshindio huonekana kama ngazi. Na mrundikano wa nyuma ya kadi uko palepale, neli haiutibu.

Uzi wenyewe

Bado msokoto wa kwanza. Nyuzi nyingi za dukani husokotwa Z kwanza, kisha mbili au zaidi huunganishwa kwa msokoto wa S. Ugwe wa kadi ukielekea S, nyuzi hizo hulala kwa mshazari mkali zaidi na uso huonekana mgumu, wenye chembechembe. Ukielekea Z, mishazari hukatana, nyuzi hukaribia kunyooka na uso huwa laini, unaong'aa zaidi. Kwa hiyo hata utepe uliopishanishwa S na Z kwa hesabu kamili, nyugwe zake za S na za Z hazifanani kabisa. Kwenye sufu laini tofauti hiyo huonekana kidogo tu, lakini hariri na pamba iliyong'arishwa huitangaza.

Kuweka mizanini

Margarethe Lehmann-Filhés alipochapisha kitabu chake juu ya kadi mwaka 1901, shughuli kubwa ilikuwa kuuthibitisha ufundi uliokuwa ukisahaulika. Peter Collingwood, katika kitabu chake cha mwaka 1982, aliupanga kwa mbinu, moja baada ya nyingine. Mjadala wa leo kati ya wanaotuliza na wanaoachia unauliza nani anafuma vizuri, bila kuuliza utepe unakwenda wapi. Mkanda wa mfuko, wa kiuno au wa gitaa utulizwe. Hapo kujiviringa ni kasoro, hata kuitwe jina gani. Ukingo wa nguo utulizwe pia, ila mapambo yake yafuate mshazari wa uzi, hata ikibidi kuchagua V. Kamba ya kufumbia mfuko, ya funguo, ya kuning'iniza kitu chepesi, hiyo ni ya neli, na kadi zote zinaweza kuelekea upande mmoja bila hofu. Utepe bapa unaojiviringa unabaki na eneo dogo: mapambo yanayoning'inia na yasiyooshwa. Anayeuuza amwambie mnunuzi hivyo.

Anayetaka kujaribu mwenyewe abadilishe jambo moja kwa wakati. Uzi uleule, kadi 8, vipande vya sentimita 10: kimoja kadi zote S bila kurudisha, kimoja za kupishana, kimoja zote S robo 8 mbele na 8 nyuma, kimoja neli. Vyote vioshwe na kukaushwa bila kuvutwa, kisha vilazwe bila kushikwa na chochote. Hicho cha tatu huwa na somo la pekee: hakijiviringi upande mmoja kama cha kwanza, bali huyumba, hapa kulia, pale kushoto, kufuata kila geuko.

Na wanaoandika vielelezo wana deni lao. Kielelezo kinachotaja rangi za kila tundu na idadi ya robo peke yake kimeacha nusu ya maelekezo nje. Kiseme pia mshazari unaotarajiwa wa kila kadi baada ya robo nne za mbele, uelekeo wa msokoto wa uzi uliotumika, na msokoto wa nyuma uliondolewaje. Bila hayo, watu wawili wataufuma utepe mmoja, mmoja ulale na mwingine ujiviringe, na wote wawili wawe wamefuata karatasi.